Kitufe Kilichobaki Kijivu

Sauda mwanangu,

Bado umeninunia, na mimi sitajifanya sijaona. Tangu Jumapili unaniitikia "ndiyo mama, sawa mama" kama unamjibu askari wa barabarani. Leo umekwenda Kibuli kuwaaga shangazi zako na nyumba imenyamaza, basi nimekaa mezani baada ya sala ya alasiri nikuandikie kabla hujarudi na kelele zako. Habari za sweta, dawa za malaria na chapati za njiani hutazikuta humu. Hayo nimeyasema mpaka ulimi umeota sugu, na basi la Nairobi haliendi mwezini.

Ninachotaka kukueleza ni kwa nini nilikupigia kelele.

Ulikuja na kompyuta mkononi, uso unang'aa, unionyeshe jaribio ulilopewa na hiyo kampuni ya Nairobi iliyokuajiri. Fomu ya kusajili wateja. Umeiandikia skripti yako mwenyewe: mtu akichagua hiki, kile kinafunguka, akiacha sehemu tupu, nyota nyekundu inawaka na kitufe cha kuhifadhi kinabaki kijivu, hakibonyezeki. "Mama, tazama, hapiti mtu bila kujaza kila kitu. Hata pale pa kuandika ulikotoka nimeliondoa lile chaguo la 'Kwingineko', maana wavivu wote wanalikimbilia." Ukacheka. Furaha alikuwa kando yako anatazama, maana nyinyi wawili tangu utotoni hamjui kukaa mbali. Na mimi, badala ya kukupongeza kama mama wa watu, nikapiga meza: "Futa! Futa upuuzi huo sasa hivi!" Furaha hakusikia kelele zangu, lakini aliuona uso wangu akarudi nyuma. Wewe ukaniuliza kama ninakuonea wivu, kwa kuwa umesoma chuo cha Kyambogo na mimi kazi hiyo hiyo niliiokota kwa kuchungulia mabegani mwa watu.

Wivu! Banange, jamani. Laiti ingekuwa wivu.

Unajua kwamba kabla ya hili duka la kuchapa nilikuwa mtu wa fomu kama wewe. Nilikuambia niliacha kwa sababu ofisi ilifungwa. Ofisi haikufungwa, Sauda. Ningali napita chini yake kila nikienda msikitini, na taa zake zinawaka.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Nilikuwa na miaka kama kumi, vita vya themanini na sita vimekwisha, baba yangu akanishika mkono kwenda kuniandikisha shule. Siku zile ukisema Kiswahili njiani watu wanakutazama kama umeficha bunduki, maana ilikuwa lugha ya askari, kwa hiyo baba alinionya nifunge mdomo. Karani akauliza kwa Kiganda: kijiji chenu kiko wapi? Unalijua swali hilo. Hata uwe umezaliwa ghorofani katikati ya mji, hapa kwetu lazima uwe na kijiji, pale alipozikwa baba wa baba yako. Sasa babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, akafia hapa hapa Old Kampala, akazikwa hapa hapa. Sisi kijiji tutakitoa wapi? Baba hakupepesa macho. Akataja kijiji cha rafiki yake wa msikitini, huko Butambala. Tulipotoka nikamwambia, baba, umesema uongo. Akanijibu, "Karatasi haitaki ukweli, inataka kujazwa."

Nikalishika neno hilo kama aya. Shule, hospitali, kitambulisho, hata cheti cha ndoa yangu na baba yako, kote mimi ni mtu wa Butambala. Sijawahi kukanyaga huko. Nadhani hata mbuzi wa huko wakiniona watauliza huyu nani.

Nikakua, nikajifunza kompyuta, nikaingia ile ofisi iliyo juu ya duka la zamani la Wahindi. Kampuni ilikuwa ikiuza programu kubwa ya biashara, ile ile kwa kila mteja, na kazi yangu ilikuwa kuzishona upya fomu zake zimkae mteja mwilini. Ficha sehemu hii, onyesha ile, lazimisha nyingine. Mwanamke nilikuwa peke yangu, na sikuwa wa kushindwa. Mteja akisema "haiwezekani," mimi nilikuwa nimeshaiweza kabla ya chai ya saa nne.

Mmoja wa wateja wetu alikuwa zahanati ya mtu binafsi, iliyotoa kadi za matibabu kwa wanawake wa sokoni. Meneja wake alikuwa mtu nadhifu mpaka anakera. Nafasi tupu zilimuuma kama jino. "Madamu, ripoti zangu zina matundu," akaniambia. "Wilaya wanaruka, kijiji wanaruka. Nataka yote yajazwe." Nikamuuliza, na asiye na kijiji je? Akacheka. "Nani hana kijiji? Hata mbwa ana kwao." Na mimi, mtu wa Butambala ya kubuni, nikacheka naye!

Nikamwandikia alichotaka. Orodha ya wilaya za nchi hii, ukichagua wilaya vijiji vyake vinashuka, na usipochagua kijiji, nyota nyekundu na kitufe kijivu. Bila kitufe hicho hupati namba, na bila namba humwoni daktari. Sikuweka chaguo la "Kwingineko". Usije ukamtetea mama yako ukasema hakujua. Mtu mwenye kijiji chake angeweza kusahau kwamba wako wasio nacho. Mimi nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri kabisa, nikajisemea: watachagua chochote, kama sisi tulivyofanya siku zote. Uongo ulikuwa umenifungulia milango maisha yangu yote, nikadhani kila mtu ana ufunguo huo mfukoni.

Wakati huo Mama Furaha alikuwa amekaa miaka miwili katika ua wetu. Unamjua alivyo, na alikuwa vile vile: ametoka Kongo na mtoto mgongoni, anauza vitenge, mtu wa kanisa asiyekubali kukudanganya hata juu ya saa. Na hakuwa anaogopa Mungu peke yake. Alikuwa na faili la ukimbizi, na alikuwa ameambiwa kwamba jibu moja la uongo kwenye karatasi yoyote linaweza kumharibia yote. Furaha alikuwa na miaka minne, wewe mitano. Mlikuwa mnakula sahani moja, mnagombania kiazi.

Jumanne, siku ya pili tangu fomu ianze kazi, meneja aliniita zahanati anionyeshe ripoti. Tulikaa chumba cha nyuma, kilichotengwa kwa ubao tu. Akaniletea soda baridi. Ripoti haikuwa na tundu hata moja, naye ananisifu, nami navimba kichwa. Mara nikasikia sauti ninayoijua, kule mapokezi.

"Kijiji yangu iko Kongo. Hapa haiko."

"Mama, kompyuta imekataa," msichana wa mapokezi akamjibu. "Chagua moja hapo, yoyote tu."

"Nichague ya nani? Hii yote si yangu. Mi siwezi kudanganya karatasi, dada. Tafazali, mutoto anawaka moto."

"Si mimi, nyabo. Ni kompyuta."

Nilisikia kila neno, Sauda. Toka kiti changu mpaka pale zilikuwa hatua nane. Kuiondoa ile "lazima" ni kufuta mstari mmoja, kazi ya dakika mbili, na kompyuta ya meneja ilikuwa wazi mbele yangu. Sikuinuka. Nikajisemea, atataja chochote, sote tunataja. Na tena niseme lililo chini kabisa: niliona haya. Mtu anakusifia fomu yako isiyo na tundu, utaanzaje kumwonyesha tundu? Meneja akatoa mzaha fulani, sikumbuki hata ulihusu nini, nikacheka kwa sauti. Nilipomaliza soda yangu na kutoka, Mama Furaha hakuwepo.

Fomu yangu ilimtaka mwanamke yule aseme uongo ndipo mtoto wake atazamwe. Hakuna maneno mengine ya kulieleza, na mimi nimeyatafuta miaka kumi na minane.

Jioni nilikwenda kwake. Furaha amelala, kitambaa cha maji kipajini, Panadol ya dukani kwenye kijiko. Sikumuuliza alikuwa wapi mchana. Nikampa malimau. Malimau, astaghfirullah! Alhamisi shingo ya mtoto ikakakamaa, baba yako akaikatiza kazi ya siku hiyo kule Katwe, akaja na pikapu ya karakana akawapeleka hospitali kubwa. Homa ya uti wa mgongo. Daktari akasema laiti angeletwa siku mbili mapema. Furaha akapona. Masikio yake hayakurudi.

Wewe umekua ukiambiwa Furaha aliumwa homa tu. Ndiyo, aliumwa homa. Lakini homa hiyo ilifika mlango wa daktari ikakuta nimeufunga.

Ijumaa niliuondoa ule mstari. Mfumo ukanitaka niandike sababu ya badiliko, nikaandika: "Hitilafu ndogo imerekebishwa." Hitilafu ndogo! Mkono huu huu unaokuandikia ndio ulioandika hivyo. Jumatatu meneja akapiga simu anafoka, matundu yamerudi. Bosi wangu akaniamuru niirudishe ile "lazima". Nikaacha kazi. Usinipigie makofi. Niliacha bila kusema kwa nini, na yule aliyekalia kiti changu aliurudisha mstari nadhani kabla kiti hakijapoa. Ningesimama pale nikasema kilichompata mtoto wa watu, pengine wangesikia, pengine wasingesikia. Lakini sikusema. Nilifungasha kalamu zangu nikaenda zangu nyumbani, nikajiona nimetubu.

Sasa unaelewa kwa nini nakutia haya tukienda maofisini. Karani akisema "kompyuta imekataa," damu inanichemka, na wewe unanivuta mkono, "Mama twende, watu wanatazama." Watazame! Kompyuta haina kinywa cha kukataa. Kuna mtu ameketi mahali, amekunywa chai yake, akaandika kwamba wewe usipite, halafu akamwachia msichana wa mapokezi aibu yote. Msichana yule nilimchukia muda mrefu, maana ilikuwa rahisi kumchukia. Hakuwa na kosa. Kitufe kilikuwa kijivu, angefanya nini, akipake rangi?

Na miaka yote hii Mama Furaha ananiombea dua. Niliposema nitawapeleka nyinyi wawili kujifunza lugha ya alama, akanishika mikono, "Mungu akubariki, dada." Wewe uliwaambia walimu wako kwamba mama yako ana moyo mzuri. Nilikuwa nameza maneno hayo kama mwiba wa samaki. Hata baba yako hakuijua siri hii mpaka juzi.

Sitakuhubiria. Kazi unaijua kuliko mimi, na mambo ya sasa nikiyatazama nasinzia. Ila katembelee karakana ya baba yako siku moja umtazame akitengeneza nondo za dirisha. Mteja anasema, funga kote, wezi wengi. Baba yako anafunga kote, lakini upande mmoja anaweka bawaba na kufuli la ndani, hata mteja aking'aka. Anasema moto ukiwaka watu watokee wapi? Mtu hajasoma darasa la saba, na mimi na kompyuta yangu sikuliona hilo. Ukitaka kulazimisha kitu kwenye fomu, nenda kwanza ukae mapokezi siku nzima, uone ni nani anasimama pale na amebeba nini mgongoni. Na wakikuambia "hata mbwa ana kwao," mwanangu, wallahi, usicheke.

Sasa la Jumapili, maana wewe ulibamiza mlango ukaingia chumbani, hukuona kilichofuata. Kompyuta yako ilibaki wazi mezani. Furaha akaivuta, akaitazama ile orodha yako ya mahali mtu alikotoka, akaishusha mpaka mwisho, akaipandisha. Kisha akanigeukia akaniuliza kwa mikono: "Mimi hapa ningejaza nini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Usiku ule sikula, na Jumatatu asubuhi nilikwenda kwao nikawaambia wote wawili, kwa mdomo na kwa mikono, tangu soda mpaka malimau. Mama Furaha alikuwa anakunja vitenge vya kupeleka sokoni. Hakuacha kukunja. Nilipomaliza akasema, taratibu:

"Nilikusikia ile siku. Ulikuwa unacheka nyuma ya ubao. Nilisema mu roho, dada yangu hajanisikia. Angalinisikia angalitoka. Hii miaka yote nilisema, hakusikia."

Halafu akaenda jikoni, akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, chake na cha Furaha. Nikakaa kidogo, nikaondoka.

Barua hii si yangu peke yangu, kwa hiyo nilipofika mstari huo wa kuondoka kwao nilivuka ua nikampelekea Furaha aisome kabla yako. Nilimwambia akitaka afute, afute, na akitaka aichane, aichane. Amekaa nayo muda mrefu kibarazani. Nilimwona kupitia dirishani akirudi nyuma kusoma ukurasa mmoja mara mbili. Amenirudishia sasa hivi, hakunitazama usoni. Hajafuta kitu. Ameandika kwa penseli nyuma ya karatasi, na ninakunakilia hapa kwa wino kama alivyoandika, isije ikafutika begini:

"Mama Sauda, sijakusamehe. Labda ni bado, labda ni hapana, usiniulize. Lakini umupe Sauda barua yote, usitoe kitu. Kesho nitamusindikiza kwa basi. Mwambie aje na kompyuta yake mkononi, asiiweke kwa begi. Ile fomu yake nataka kuijaza mimi, mbele yake, kwa ukweli."

Basi la saa tatu, mwanangu. Fikeni mapema. Mtafutie Furaha mahali pa kukaa, mfungulie hiyo fomu, nawe ukae kando yake na mikono yako mapajani. Akikwama, usimwambie achague yoyote.

Mama yako